Simu yako, lakini nani mwingine yumo ndani?

Ukihisi mtu anaichungulia simu yako, usianze na betri kuisha haraka. Hiyo mara nyingi ni uzee wa betri tu. Anza na WhatsApp: fungua menyu, ingia kwenye vifaa vilivyounganishwa. Mtu akiishika simu yako ikiwa wazi kwa nusu dakika, anaweza kuskani msimbo wa QR ulioko kwenye kompyuta yake na kusoma meseji zako humo. Ukiona kifaa usichokijua, kiguse, kitoe.

Kisha nenda kwenye mipangilio ya Android, sehemu ya "Accessibility". Hapa ndipo hatari kubwa ilipo. Programu yenye ruhusa hiyo inaweza kusoma kioo na kubonyeza kwa niaba yako, hata ukiwa kwenye programu ya benki. Kama umewahi kupigiwa na "mhudumu" akakuelekeza upakue AnyDesk au TeamViewer (programu za kuona na kuendesha simu kutoka mbali), ifute leo, kisha badilisha PIN na nywila ukitumia simu nyingine.

Kuanzia Android 12, nukta ya kijani juu ya kioo inaonyesha kamera au maikrofoni inatumika. Ikiwaka wakati hujafungua kitu, telezesha chini uone ni programu gani.

Ile namba ya kupiga *#21# inayosambazwa sana huonyesha tu kama simu unazopigiwa zinaelekezwa kwenye namba nyingine. Haigundui udukuzi.

Na kama unayemshuku ni mwenza mkali, usifute kwanza. Piga picha ya ushahidi kwa simu nyingine, mwambie ndugu unayemwamini, kwa sababu akigundua umemtoa anaweza kukudhuru.