Mkazo wa Kiingereza: tazama mkia wa neno

Sisi tuliozoea Kiswahili hapa Kampala, ulimi hukimbilia silabi ya pili kutoka mwisho: ka-MPA-la, ma-TU-nda. Ndiyo maana utamsikia abiria akimwambia kondakta wa taksi anashukia "univer-SI-ty", pale Makerere. Kiingereza hakina kanuni hiyo moja, ila mkia wa neno husaidia sana. Likiishia na -ity, mkazo huangukia silabi iliyo kabla tu ya mkia: uni-VER-sity, a-BIL-ity, elec-TRI-city. Kwa -tion ni vivyo hivyo, na -ic kwa kawaida.

Silabi yenye mkazo ivute na uipaze. Zilizobaki zimeze kidogo. Hapo ndipo wengi wetu hugoma, maana tunataka kila irabu isikike! "Record" ikiwa nomino, mkazo mwanzoni. Ikiwa kitenzi, mwishoni.