Gari-nyumba likikwama Nairobi: jinsi ya kumpata fundi anayefaa

Kosa ninaloliona sana ni msafiri kuvutwa na brekidauni hadi gereji ya kwanza na kukabidhi kila kitu. Gari-nyumba ni viumbe viwili: gari na nyumba. Fundi anayeifungua gia boksi ya Isuzu macho yakiwa yamefumbwa huenda hajawahi kugusa friji ya gesi. Nyumba yangu ni Coaster iliyokuwa basi la shule, na kila ilipougua nimetafuta fundi wa kiungo kinachouma.

Hatua ya 1. Toka barabarani. Weka pembetatu zako mbili, moja mbele na moja nyuma. Ikiwa ni usiku kwenye Southern Bypass, usifungue boneti hapo; omba uvutwe hadi kituo cha mafuta chenye askari. Mwambie mwenye brekidauni uzito na urefu wa gari kwenda juu, kisha mpatane bei kabla hajafunga mnyororo.

Hatua ya 2. Jua kinachougua. Tuseme taa za ndani zimefifia na pampu ya maji inanguruma bila kusukuma maji. Chukua mita ya volti. Betri ya asidi iliyopumzika na kujaa husoma karibu 12.6, ikisoma 12.2, imebaki nusu hivi. Sasa washa injini, upime betri zote mbili, ya injini na ya nyumba. Ya injini ikipanda hadi kati ya 13.8 na 14.4 huku ya nyumba imeganda pale pale, alteneta yako, yaani kifaa kinachochaji betri injini ikiwaka, ni nzima. Shida iko katikati ya betri hizo: fyuzi, rilei (swichi inayoendeshwa na umeme), au waya ulioshika kutu kichwani. Hapo unamhitaji fundi wa waya, si makanika, na umeshaokoa pesa ya alteneta ambayo ungeuziwa bure.

Gesi ikinuka, funga mtungi, fungua milango, usiwashe chochote. Harufu ikiisha, fungua mtungi kidogo na upake povu la sabuni kwenye maungio. Panapotoa mapovu ndipo panapovuja. Kiberiti kikae mbali kabisa. Na kama gari lilitengenezwa Marekani, mwambie fundi mapema kwamba vyombo vyake ni vya volti 120. Umeme wetu ni 240, utaviunguza.

Hatua ya 3. Fuata spea bila gari. Spea nyingi utazipata Kirinyaga Road, ambako wengi bado wanakuita Grogan. Usiingie huko na gari-nyumba. Kati ya mikokoteni na malori yanayopakua hutapata pa kugeuzia. Piga picha namba ya chesi na ya injini, fungua kifaa kibovu, panda boda nacho. Kiweke kaunta kando ya kipya, uhesabu meno, ulinganishe matundu ya bolti. Picha ya simu haitoshi. Kwa fremu iliyopasuka au ngazi iliyopinda, nenda Kariobangi Light Industries kwa mafundi wa kuchomelea. Kabla hawajaanza, toa waya wa hasi wa betri na ushushe mtungi wa gesi.

Hatua ya 4. Kaa na fundi. Mwaka mmoja niliacha basi kwenye gereji nikaenda mjini. Niliporudi friji ilikuwa inafanya kazi vizuri, lakini ilikuwa imeunganishwa kwenye betri ya injini. Asubuhi basi halikuwaka. Tangu hapo husema, "Fundi, nitakushikia tochi," na hakuna aliyewahi kukataa. Akitoa waya, naubandika kipande cha tepu chenye namba. Kifaa cha zamani nadai nirudishiwe.

Hatua ya 5. Lipa kwa vipande. Tuma pesa ya spea kwanza kwa M-Pesa, ubaki na ujumbe wenyewe. Ya ufundi isubiri majaribio. Jaza tangi la maji, washa friji, mchukue fundi mpande naye hadi Limuru, maana injini inayodanganya mjini tambarare husema ukweli mlimani. Mkirudi, gusa kila rimu kwa uangalifu. Moja ikiwa moto kuliko wenzake, breki hiyo inashika, na kazi haijaisha.