Somo: Mrabaha wa muziki mtandaoni unavyopigiwa hesabu

Kijana mmoja wa kwaya aliingia studio hapa Nkuhungu, Dodoma, ripoti ya mrabaha wake, yaani malipo ya nyimbo zake, imefunguliwa kwenye simu. "Mwalimu, nimeibiwa. Nimesikilizwa zaidi kuliko mwezi uliopita, pesa imepungua." Hakuibiwa. Chukueni kalamu, tupige hesabu pamoja.

Hatua ya 1: Sahau bei ya strimu moja
Spotify na wenzao, majukwaa ya kusikilizia muziki mtandaoni, hawana bei maalumu ya kila strimu, yaani kila mara wimbo unaposikilizwa. Unagawiwa fungu. Zile takwimu za "strimu moja ni senti kadhaa" ni wastani unaopatikana baada ya pesa kugawanywa.

Hatua ya 2: Lijue kapu
Kila mwezi, nchi kwa nchi, ada za wanaolipia na pesa za matangazo huingia kapuni. Yakishatoka makato, Spotify huwapa wenye haki (wenye rekodi na watunzi) takribani theluthi mbili. Wanaolipia na wanaosikiliza bure wana makapu tofauti, ndiyo maana msikilizaji mmoja anayelipia kule Uingereza kwa kawaida hukuletea zaidi ya yule wa Majengo anayesikiliza bure.

Hatua ya 3: Tafuta fungu lako
Hapa ndipo wengi hupotea, twende polepole. Tuseme kapu la wenye rekodi lina shilingi 10,000,000, na nyimbo zote nchini zimesikilizwa mara 2,000,000. Wewe umesikilizwa mara 4,000. Hiyo ni asilimia 0.2, yaani shilingi 20,000.

Mwezi unaofuata kapu ni lilelile. Umepanda hadi 4,400, lakini nchi nzima imefika 2,500,000. Fungu lako sasa ni asilimia 0.176, shilingi 17,600. Nilimchorea kijana wetu hesabu hii nyuma ya bahasha. Akanyamaza, akaniomba kalamu, akairudia mwenyewe mpaka ikakubali.

Kumbuka pia kwamba Spotify huhesabu strimu baada ya sekunde 30. Ninyi wa ngoma za Kigogo mnaoanza na zeze peke yake, msilikate kwa hofu. Lifanyeni zeze limshike mtu tangu pigo la kwanza.

Hatua ya 4: Makato ya njiani
Pesa hupitia kwa msambazaji, yaani kampuni inayokupandishia wimbo kwenye majukwaa. Wapo wanaotoza ada ya mwaka, wapo wanaokata asilimia. Akikata 15, ile 20,000 inabaki 17,000. Mkiwa wanne, kila mtu 4,250.

Hatua ya 5: Haki ni mbili
Rekodi ina mrabaha wake, utunzi una wake. Kama umetunga mwenyewe, fuatilia vyote viwili.

MASWALI

Kutoka Mpwapwa: Shikamoo mwalimu. Wimbo wangu umesikilizwa mara 700, mbona sifuri?
Jibu: Marahaba. Tangu 2024, Spotify hailipi mrabaha wa rekodi mpaka wimbo ufikishe strimu 1,000 ndani ya miezi 12. Angalia majukwaa mengine kwenye ripoti, usiishie hapo.

Kutoka Kongwa: Kaka, kuna mtu ananiuzia strimu 10,000. Ninunue?
Jibu: Hapana, dada yangu. Strimu bandia zikibainika hazilipwi, na Spotify inaweza kumtoza faini msambazaji wako, naye akuondolee wimbo. Hela hiyo nunua bando, umtumie wimbo mtu mmoja mmoja.

Kutoka Bahi: Mpiga zeze wetu ni mzee. Siku ya kurekodi nilimpa nauli na chakula tu. Ana chake humo?
Jibu: Jukwaa halimjui, linamjua msambazaji, na msambazaji anakujua wewe. Kwa hiyo mzee atapata kile mtakachoandikiana. Mrudie wiki hii na karatasi yenye jina la wimbo, asilimia yake na namba ya simu atakayotumiwa pesa. Msomee kwa sauti, na kama anaelewa zaidi Kigogo, msomee kwa Kigogo, kisha msaini nakala mbili. Moja abaki nayo yeye.