Kabla ya kutegemea laini ya simu kama akiba ya faiba ofisini Kigoma

Mwenye biashara anayetaka intaneti ya akiba kwa kawaida huanza kwa kuuliza mtandao gani wa simu una spidi. Swali hilo linaweza kungoja. Uliza kwanza: kitakachoua faiba yako kitaua na laini pia?

Mnara unaouona pale Mwanga haurushi data yako hewani hadi Dar es Salaam. Mawimbi yanatoka kwenye rauta yako na kuishia mnarani. Kuanzia hapo mzigo husafirishwa mara nyingi kwa faiba, kupita mapori ya Uvinza na Tabora, zaidi ya kilomita 1,000. Greda likichimbua mkongo huko njiani, laini na faiba zinaweza kuzimika kwa pamoja. Ndiyo maana laini ya akiba isitoke kwa kampuni ileile inayokuuzia faiba. Hata kampuni tofauti si kinga kamili, maana minara mingi nchini inamilikiwa na kampuni za kukodisha minara, na mitandao miwili inaweza kuning'inia kwenye mlingoti mmoja na kutegemea jenereta moja. Faiba ikikata, nenda kwa wakala wa jirani uone laini gani bado inafanya kazi. Jibu lake lina uzito kuliko tangazo lolote.

Kuna hitilafu ambazo laini haizitibu. Mei 12, 2024, nyaya za chini ya bahari za EASSy na Seacom zilipata hitilafu, na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizoathirika sana. Siku ya namna hiyo wa faiba na wa bando hulia pamoja.

Ukishachagua mtandao, pima mawimbi pale rauta itakapokaa, si barazani. Kigoma ni mji wa vilima: ofisi iliyo bondeni kuelekea bandarini inaweza kukosa kile ambacho aliye juu anakipata bure. Kwenye ukurasa wa rauta angalia RSRP, yaani kipimo cha nguvu ya mawimbi. Karibu na -80 ni nzuri, ukishuka kwenye -110 tafuta antena ya nje, na waya wake uwe mfupi. Kwa walio Manyovu, Kagunga au kijiji kingine cha mpakani, zimeni roming kwenye rauta, isije ikadaka mnara wa Burundi na kumaliza salio.

Bando ndilo linalowaumiza wengi, kwa sababu hawapigi hesabu. Matumizi ya megabiti 1 kwa sekunde hula takriban MB 450 kwa saa. Kamera moja ya ulinzi inayopeleka picha mtandaoni kwa megabiti 2 itakula GB 7.2 kwa saa nane, na una kamera ngapi? Malipo ya kadi na barua pepe hazili hata robo ya hapo. Kwa hiyo weka sheria kwenye rauta mapema: ikiwa kwenye laini, zipite kompyuta za kaunta na mfumo wa mauzo tu; kamera, Wi-Fi ya wageni na masasisho ya Windows visubiri. Mashine ya EFD (ya risiti za kodi) mara nyingi ina laini yake, hiyo iache.

Kama una tawi Kasulu linaloingia kwenye seva yako, au unatazama kamera ukiwa nyumbani, jua kwamba laini nyingi hazipewi anwani ya IP ya hadharani. Wateja wengi hufichwa nyuma ya anwani moja, kwa hiyo anayebisha hodi kutoka nje hafiki kwako. Dawa ni VPN (njia ya faragha ndani ya intaneti) inayoanzishwa na rauta yako yenyewe kwenda nje.

Laini isajiliwe kwa jina la kampuni. Ikisajiliwa kwa alama za vidole za kijana wa IT, akihama inahama naye. Itumie mara kwa mara pia. Laini iliyolala muda mrefu hufungwa.

Umeme: rauta, swichi na kisanduku cha faiba vyote viwe kwenye UPS, yaani betri inayoshika umeme ukikatika. Kimoja kikisahaulika, vingine vinawaka bure.

Mwisho jaribu, na ujaribu kwa njia sahihi. Mafundi wengi huchomoa waya unaoingia kwenye rauta, laini inashika, wanaondoka. Ila faiba ikikatika porini, kisanduku chako bado kinawaka na waya bado uko hai, hivyo rauta isiyo makini itaamini kila kitu kipo sawa. Chomoa uzi wa faiba wenyewe nyuma ya kisanduku. Rauta iwe inapima kwa kupiga ping (ujumbe mdogo wa kuuliza kama upo) kwa anwani mbili za nje, kama 8.8.8.8 na 1.1.1.1, na ihame zote zikinyamaza. Faiba ikirudi, isubiri dakika tano hivi ikiwa imetulia kabla ya kurejea, la sivyo itaruka huku na huku na kila malipo ya kaunta yatakatika katikati.