Jenereta ya nje: kuikinga na mvua na wezi bila kuinyima hewa

Stima ikipotea jioni na mvua ya Aprili inapiga, mwenye kinyozi au bucha huwazia kwanza kuiingiza jenereta ndani. Usifanye hivyo hata kwa dakika kumi. Moshi wake una kaboni monoksidi, hewa isiyo na rangi wala harufu, ambayo huua watu chumbani kabla hawajatambua kuwa wanaumwa, na kufungua dirisha hakuwaokoi. Mashine inayonguruma ikae angalau mita 6 kutoka kila mlango na dirisha, lako na la jirani, bomba la moshi likielekea kusiko na watu. Ngazi za ploti, balconi na kibanda cha mabati kilichozibwa pande zote vihesabu kuwa ndani.

Ndiyo maana banda zuri la jenereta lina paa juu na mnyororo chini, na pembeni limeachwa wazi. Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na kwa urefu huo injini ndogo ya petroli imeshapoteza kiasi cha asilimia 15 hadi 20 ya nguvu zake. Ukiifungia kwenye boksi, inavuta tena hewa yake yenyewe yenye joto, inachemka na kuzima.

Anza na msingi, kwa sababu ndio unaobeba usalama wote. Kwa jenereta ya kVA 2 hadi 3, tengeneza jukwaa la zege la sentimita 120 kwa 90, unene sentimita 10, juu ya mawe yaliyoshindiliwa, uso wake ukiwa sentimita 15 juu ya ardhi. Kama ploti yako ilipitiwa na maji ya mafuriko ya 2024, pandisha mpaka juu ya alama yalipofika. Kabla ya kumwaga zege, chimba katikati shimo la sentimita 30 kila upande na kina 30. Chukua nondo ya milimita 16, urefu mita moja, fundi aikunje umbo la U na kuzipindua ncha zake kwa nje sentimita 10 kila moja ili isiweze kung'olewa. Isimamishe shimoni, kitanzi kitokeze sentimita 5 tu juu ya zege, mahali ambapo tumbo la mashine litakifunika. Pima kwanza nafasi iliyopo chini ya fremu, maana kitanzi kirefu kitainua mashine na itatikisika. Mfuko mmoja wa simiti wa kilo 50, kwa kipimo cha simiti 1, mchanga 2, kokoto 4, unatosha shimo na jukwaa. Mwagia maji kwa siku 7 kabla ya kuweka mzigo.

Kitanzi kikiwa chini ya mashine, grainda haifiki kwa urahisi, na mwizi hawezi kukiona akipita.

Mnyororo uwe wa chuma kilichoimarishwa, unene milimita 10 au zaidi. Ule wa kufungia geti unakatwa kwa mkasi mkubwa wa vyuma kwa sekunde chache. Ufunge ukiwa mfupi, usiguse chini. Mnyororo au kufuli ikilala juu ya zege, mwizi anapata pa kuegemeza mkasi, au anaigonga kwa nyundo hadi ifunguke. Kufuli iwe ile ambayo mabega yake yanaficha upinde.

Watu wengi hukosea mahali pa kupitisha mnyororo. Wanauzungusha kwenye mkono wa kubebea au bomba la fremu. Bomba hilo ni jembamba, msumeno wa chuma unalimaliza upesi. Hata lisipokatwa, injini na alternata (sehemu inayozalisha umeme) hushikwa kwenye fremu kwa bolti nne tu zenye raba: mwenye spana anaacha fremu ikining'inia kwenye mnyororo wako na kuondoka na mashine. Pitisha mnyororo kwenye mguu wa chuma wa injini yenyewe, kisha kwenye fremu, kisha kwenye kitanzi, mbali na bomba la moshi na paipu ya petroli. Vichwa vya bolti vyenye tundu vijaze gundi ya epoksi. Usimruhusu fundi kuchomelea chochote kwenye mashine yenye tangi la petroli.

Paa ni kazi nyepesi. Mabati matatu ya gauge 30, mita 2 kila moja, juu ya nguzo nne za chuma. Mbele mita 1.8, nyuma mita 1.5, ili maji yatiririke mbali na jukwaa. Paa litokeze angalau sentimita 40 kila upande. Upepo wa Nairobi kwa kawaida unatoka mashariki au kaskazini-mashariki, kwa hiyo ukitaka kuziba upande mmoja ziba huo, na moshi utoke magharibi. Maghorofa hugeuza upepo, basi angalia mvua inakuja vipi hapo kwako. Pande zilizobaki ziwe wavu wa chuma, mlango wenye bawaba za ndani, na usiweke kitu kigumu ndani ya mita moja mbele ya bomba la moshi.

Turubai ni la mashine iliyopoa tu, kama nusu saa baada ya kuzimwa, na liishie sentimita 10 juu ya jukwaa ili unyevu utoke. Nailoni iache kabisa. Asubuhi za baridi za Juni na Julai hutonesha maji kwa ndani, na soketi na AVR (kifaa kinachosawazisha volti) hupata kutu pole pole. Mashine ikiloa, usiivute kamba. Ikaushe juani siku nzima, soketi zikiwa zimefunguliwa. Umeme kwenye waya zenye maji ndio unaounguza AVR.

Ikikaa bila kazi zaidi ya mwezi, funga koki ya petroli na iache injini izime yenyewe, kisha fungua bolti ya chini ya kabureta umwage yaliyobaki. Petroli iliyolala huacha gundi inayoziba jeti, kitundu kidogo cha petroli ndani ya kabureta. Vuta kamba taratibu hadi ikaze, uiache hapo: vali zimefungwa, unyevu hauingii silinda. Ile inayotumika, iwashe kila mwezi dakika 20 ikivuta pasi, ili joto likaushe waya za alternata.

Usiku wa giza ndio wa kuchunga zaidi, kwa sababu mngurumo wa jenereta humfichia mwizi sauti ya msumeno. Soja aione mashine kwa macho, asitegemee masikio. Piga picha ya namba ya injini iliyogongwa kwenye bloku, uihifadhi pamoja na risiti. Ikiibiwa, ripoti kituo cha polisi siku hiyo hiyo na uchukue namba ya OB (kitabu cha matukio cha polisi), maana bila namba ya injini hutaweza kuithibitisha kuwa yako hata ukiikuta inauzwa.