Kuboresha Mashine ya Santuri kwa Bajeti Ndogo: Anza na Sindano

Mtu mwenye fedha za kununua kitu kimoja tu huvutwa kwanza na vinavyoonekana: mkeka mpya wa kulazia santuri, waya nene, miguu ya mpira. Viache kwa sasa. Sauti huzaliwa pale ncha ya almasi ya sindano inapogusa mfuo, yaani mchirizi wa santuri, na kilichopotea hapo hakuna amplifaya wala spika itakayokirudisha. Ndiyo maana karibu kila mara ununuzi wa kwanza ni sindano. Ila kagua mambo matatu kabla hujatoa hata shilingi, kwa sababu lolote kati yake linaweza kubadilisha jibu.

Kwanza, mwendo. Bandika kipande cha karatasi ukingoni mwa sahani inayozunguka, kisha hesabu ukiwa na saa. Kwa mwendo wa mizunguko 33⅓ kwa dakika, mizunguko 100 huchukua dakika 3 kamili. Ikichelewa, au sauti ikiyumba juu na chini, mara nyingi mkanda wa mpira unaozungusha sahani umelegea. Agiza mpya kwa namba ya modeli ya mashine. Usipime ule wa zamani, kwani umekwisha kuvutika.

Mashine za mitumba kutoka Marekani na Japani zina mtego wake. Marekani hutumia volti 120, Japani 100, na Afrika Mashariki 220 hadi 240. Transfoma itashusha volti, lakini haibadilishi hezi, yaani idadi ya mitetemo ya umeme kwa sekunde. Mota ya zamani inayofuata hezi za umeme, ikiwa ilitengenezwa kwa hezi 60, hapa kwenye hezi 50 itapunguza mwendo kwa sehemu moja ya sita: 33⅓ inakuwa kama 27.8, na kila mwimbaji anashuka sauti. Dawa yake ni puli (kigurudumu cha mota kinachovuta mkanda) ya hezi 50, si sindano. Mashine zenye mota ya umeme wa DC au zinazoongozwa na kwatzi, kile kioo kinachotunza mwendo kama kwenye saa, hazina shida hiyo. Kwao tatizo ni volti peke yake.

Pili, ukubwa wa sauti. Katriji, kile kisanduku kidogo kwenye ncha ya mkono kinachoshika sindano, ikiwa ya sumaku hutoa milivolti 4 hivi, ilhali tundu la kawaida la amplifaya linataka mamia. Katikati lazima kiwepo kikuza-fono, kinachozidisha umeme huo kama mara 100 na kurudisha besi iliyopunguzwa kwa makusudi santuri ilipokatwa. Sauti hafifu isiyo na besi maana yake kifaa hicho hakipo. Basi nunua hicho kwanza, sindano isubiri. Sauti inayopasuka hata volyumu ikiwa chini maana yake viko viwili mfululizo: swichi ya nyuma ya mashine iko LINE, yaani kikuza cha ndani kimewashwa, na waya umechomekwa kwenye tundu la PHONO la amplifaya, lenye kikuza chake. Na mvumo usiokatika? Funga ule waya mwembamba wa ethi kwenye skrubu ya amplifaya kabla ya kulaumu chochote.

Tatu, angalia kama mkono wa mashine unarekebishika. Audio-Technica AT-LP60X, kwa mfano, haina uzani wa kuzungusha nyuma ya mkono wala katriji ya kubadilisha. Unachobadilisha ni sindano yake, ATN3600L, basi. Ikichakaa ibadilishe, na fedha nyingine zote weka akiba ya mashine kubwa zaidi.

Sasa sindano yenyewe. Katriji nyingi huruhusu kuchomoa sindano na kuchomeka bora zaidi kwenye mwili uleule, na hapo ndipo bajeti ndogo inapopata faida kubwa. Familia ya katriji za AT-VM95 za Audio-Technica ni mfano mzuri. Sindano ya duaradufu, VMN95E, mtengenezaji anaikadiria saa 300. Ile ya mstari mwembamba, VMN95ML, saa 1,000. Ukisikiliza albamu moja ya dakika 40 kila siku, saa 300 zinakwisha baada ya mwaka na ushei. Gawanya bei ya kila moja kwa saa zake kabla ya kusema ML ni ghali. Kwa katriji za Ortofon, sindano ya 2M Blue huingia kwenye mwili wa 2M Red.

Tofauti utaisikia zaidi mwishoni mwa upande. Kwenye ukingo wa nje mfuo hupita chini ya sindano kwa sentimita 51 hivi kwa sekunde. Karibu na lebo ni 21 tu. Mawimbi yaleyale yanabanwa kwenye nafasi ndogo, ncha nene inashindwa kuingia, na herufi "s" inakwaruza. Ncha nyembamba inaingia.

Pamoja na sindano nunua mizani ya kidijitali inayosoma gramu 0.01. Ni ya bei ndogo, na bila hiyo sindano mpya inaweza kuharibika au kuharibu santuri. Weka mashine iwe sawa kwa pimamaji. Rudisha kizuia-mvuto, kidude kinachozuia mkono usivutwe kuelekea katikati ya santuri, kwenye 0, zungusha uzani wa nyuma hadi mkono uelee, kisha ongeza mpaka mizani isome gramu 2.0 kwa VM95 au 1.8 kwa 2M. Halafu weka kizuia-mvuto kwenye namba hiyohiyo. Usipunguze uzito ukidhani unailinda santuri: sindano nyepesi mno hurukaruka na kuchimba kuta za mfuo. Kipimo cha karatasi cha kupanga katriji ikae sawa na mfuo unaweza kukichapisha bure. Pima karatasi kwa rula kwanza, maana printa hupenda kupunguza ukubwa.

Wenye santuri za zamani za mizunguko 78 wanahitaji sindano yao pekee, yenye ncha nene ya mikroni 65 hadi 75. Ncha ya LP, yaani ya santuri za 33⅓, huburuzika kwenye kitako cha mfuo na kusoma uchafu. Na usizisafishe kwa spiriti, kwani shelaki, utomvu zilizotengenezwa nayo, inayeyuka.

Fedha ikibaki, nunua brashi ya nyuzi za kaboni na maji yaliyokenekwa, yale yanayouzwa vituo vya mafuta kwa ajili ya betri. Soma lebo vizuri, asidi ya betri nayo hukaa rafu hiyohiyo.