Sinia Moja Mbeya: Kula na Marafiki Ukija Likizo

Ukialika marafiki mkale nje Mbeya, iwe Mwanjelwa, Soweto au Uyole, aliyealika ndiye mlipaji. Ile desturi ya ughaibuni ya kila mtu kulipia sahani yake itawashtua wenzako, hasa ukiitangaza bili ikishafika. Kama mnachanga, semeni siku ileile mnayopanga kukutana.

Kabla ya kukaa, nenda mwenyewe buchani. Nyama hupimwa mbichi, na motoni inatoa maji na mafuta; kilo ya mbuzi yenye mbavu itarudi mezani imesinyaa. Hesabu kilo moja kwa watu watatu, pamoja na ndizi za kuchoma au ugali. Mbavu zina utamu, paja lina mnofu, kwa hiyo omba mchanganyiko. Kisha ongeza nusu kilo. Mtu anayewafahamu akipita ataambiwa "karibu", na huku neno hilo linasemwa kwa kumaanisha.

Kitimoto, yaani nyama ya nguruwe, usiagize kabla ya kuuliza. Waislamu na Wasabato hawali, na kumwekea mwenzako kuku pembeni hakusaidii kitu kama nyama zote zinapita kwenye wavu mmoja na kisu kimoja. Tafuteni sehemu inayochoma mbuzi na kuku tu.

Juni na Julai baridi ya huku ni kali. Mafuta ya mbuzi huganda kwenye sinia, yakaacha utando mweupe unaonata midomoni, kabla hata mazungumzo hayajakolea. Wengi hukosea hapo: wanaagiza kilo tatu zije kwa pamoja. Mwambie mchomaji alete nusu, nyingine ibaki kando ya moto mpaka umwite.

Maji ya kunawa yakija na jagi na beseni, mkubwa aanze. Kula kwa mkono wa kulia, upande wa sinia unaokuelekea, na usipekue vipande kutafuta kilaini. Pilipili chota uweke kwako. Usiinyunyizie nyama ya wote. Mfupa ulioutafuna haurudi kwenye sinia, omba kisahani.

Vikibaki vipande viwili vitatu, mikono yote huwa mizito. Mwenyeji ndiye avisogeze: "Kaka, malizia hiyo." Akikataa, sogeza tena, mara ya pili atachukua. Ikibaki nyama nyingi, mwambie mhudumu amfungie mwenye watoto nyumbani. Wewe uliyealika usijifungie.